Miezi Kumi na Moja ya Mbabura ya Mawe

Siku ya kwanza kazini sikuulizwa kama najua kazi. Mama aliulizwa kama nina ndugu Goma, ng'ambo ya mpaka.

Ilikuwa mwaka jana, tisini na nane. Nilikuwa na miaka kumi na sita na shule yetu ilikuwa imefungwa kwa sababu ya usalama, siku zile za mashambulizi. Mama alinipeleka mwenyewe mpaka Nengo, mtaa wa mji wetu wa mpakani, kwenye nyumba yenye geti la bati, akanisukuma mbele kwa kiwiko kwa sababu mimi nikisimama mbele ya watu nageuka mti. Mwenye nyumba tulimwita Patron, na mpaka leo namwita hivyo. Alikuwa amerudi kutoka Uganda, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, kalamu nne mfukoni.

"Huyu msichana ana ndugu ng'ambo?" alimuuliza Mama, si mimi.

"Patron, nani hapa mujini hana ndugu Goma? Bibi yake iko kule, wajomba wake wawili iko kule."

"Na yeye anavuka?"

"Siku ya Idi."

Akanitazama miguu, sijui alitafuta nini huko, halafu akasema: "Ni mpole. Hataongea. Aingie."

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu wa mwaka wa kwanza hapa shuleni, mnaosema likizo ikifika mtaomba kazi kwa Patron. Mnacheka nikisema nimestaafu. Chekeni tu. Lakini nilianza kazi, nikapandishwa cheo mara mbili, nikaharibu, nikaondoka. Wako wazee waliofanya kazi miaka thelathini na hawakupitia yote hayo.

Mbabura mnaijua, jiko la mkaa, kila nyumba inayo. Ya bati tupu hula mkaa kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, kwa sababu moto wote unatokea ubavuni. Patron alikuwa na aidia, wazo lake mwenyewe. Alichukua bati la pipa la mafuta lililokwisha kazi, na ndani yake akapanga makoro, yale mawe meusi ya volkano yenye matundu kama mkate, ambayo wakulima wetu wanayalaani kwa kuvunja majembe. Kati ya jiwe na bati alijaza udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Jiwe likishapata moto halitaki kuuachia. Mama Zubeda, anayeuza chai karibu na bariyeri, pale wanapokagua wanaovuka mpaka, tulimpa moja ajaribu. Alichemsha tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri bila kuongeza mkaa, akasema hilo jiko lina jini, na akakataa kulirudisha.

"Aidia si kitu," Patron alipenda kusema. "Kila mlevi ana aidia. Kazi ni kuitoa kichwani na kuifikisha sokoni bila mtu kukuibia njiani."

Huo wizi wa njiani ndio uliomnyima raha. Alisema alipokuwa Kampala alibuni mashine ya kumenya karanga, akamwonyesha rafiki, na mwezi haukuisha rafiki akawa anaiuza. Kwa hiyo atelie yetu, karakana ile, aliigawa. Uani nilikaa mimi na mawe. Upande wa pili wa nyumba kulikuwa na chumba cha bati. Katikati kulikuwa na chumba cha Patron mwenyewe chenye kufuli mbili, na humo ndimo jiko lilipojengwa. Alitoboa kidirisha kila ukuta, kama cha kukatia tiketi. Mimi nilipitisha mawe kwa kidirisha changu, mtu wa bati alipitisha bati kwa chake, na jiko lilitoka mlango wa mbele likiwa zima. Mimi sikuruhusiwa kuliona bati likikatwa, na mtu wa bati hakuruhusiwa kuliona jiwe kabla halijafunikwa na udongo. Hata chakula cha mchana tulikula kwa saa tofauti. Kipimo cha kuchanganya udongo na majivu kilijulikana na Patron peke yake, na kiliandikwa kwa Kiingereza kwenye daftari alilolala nalo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchonga. Nilipewa panga kuukuu, tupa, na gabari, yaani kipande cha bati kilichokatwa kwa umbo ambalo jiwe linatakiwa liwe nalo. Unaliweka gabari juu ya jiwe, unachora kwa mkaa, unachonga pole pole, kwa sababu koro ukilipiga kwa hasira linakuwa vumbi. Wiki ya kwanza nilivunja mawe zaidi ya niliyoyamaliza. Wiki ya nne nilikuwa naweza kumaliza jiko zima kwa siku.

Yule mtu wa bati alikuwa Shefu wa Atelie. Jina lake Fundi Gaspari, mtu wa kutoka Nyundo, karibu na hapa, amefundishwa kuchomelea tangu kijana, na amefanya kazi kwenye magaraji ya hapa na ya Goma mpaka vidole vyake vimebaki na alama za cheche. Dada yake ameolewa Goma. Kila Jumamosi alivuka kwenda kumwona. Hatukuruhusiwa kuonana, lakini ukuta haukumziba mdomo.

"Weee, mutoto wa uani! Leo uko na mawe ngapi?"

"Sijui, Shefu."

"Bon. Hata mi sijui niko na bati ngapi. Tuko majasusi wawili, sha, na hakuna mwenye atatulipa."

Nilicheka kimya kimya, na mkono mdomoni. Ndivyo ninavyocheka.

Baada ya miezi mitatu nilipandishwa cheo. Niliendelea kuchonga, lakini mara mbili kwa wiki nilitumwa sokoni kukaa karibu na wanawake waliopewa majiko ya kujaribia, niandike wanasema nini. Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu ilikuwa ya kusikiliza. Mmoja alisema miguu ya jiko ni mifupi, majivu hayatoki. Mwingine alisema likipata moto huwezi kulisogeza, liwekewe masikio ya mbao. Nilimpelekea Patron, naye Patron akaagiza miguu na masikio mapya kwa kidirisha, bila kumwambia Shefu nani ameomba wala kwa nini. Kumbukeni hilo. Ni Shefu aliyekuwa anayatengeneza, na hakuwahi hata siku moja kumsikia mtu aliyepika juu yake.

Mvua zilipoanza, Patron alirudi kutoka Goma akiwa na uso wa msiba. Ameona sokoni mbabura yenye ndani nyeusi, mdomo wake kama wa kwetu kabisa. Aliniita chumba cha katikati, mara yangu ya kwanza kuingia, na hapo ndipo nilipopandishwa cheo mara ya pili.

"Wewe hakuna mtu anayekuona," aliniambia. "Hiyo ni talanta. Jumamosi umfuate Gaspari. Unitazamie anabeba nini na anampa nani."

Nilimfuata. Naandika hili kwa aibu. Alivuka na mfuko, mimi nyuma na kikapu cha bibi. Alienda moja kwa moja kwa dada yake. Kwenye mfuko kulikuwa na viazi, mche wa sabuni na daftari la mtoto. Akala, akatengeneza bawaba ya mlango, akamkaripia shemeji yake kwa sababu ya pombe, akarudi. Kabla ya kurudi nilipita sokoni nikaliona na lile jiko la kuogopwa. Ndani yake hamkuwa na jiwe hata moja. Ulikuwa udongo tu uliopakwa masizi.

Jumatatu Patron aliniuliza: "Umeona nini?"

Nilikuwa na majibu yote mawili. Lakini aliinama karibu, miwani ile na uzi wake.

"Sijui."

"Hujui alifanya nini, au hujui useme nini?"

"Sijui, Patron."

Akaandika kwenye daftari. "Mtu anayesema sijui mara mbili," alisema, "ameona kitu."

Tangu siku hiyo alianza kumkagua Fundi Gaspari mfuko akitoka. Fundi aliufungua, akaukung'uta mpaka makombo, akasema tu: "Na viatu, Patron? Pengine mbabura iko ndani ya kiatu."

Wiki mbili baadaye tuliambiwa wageni wanakuja. Walikuwa watu wa mradi wa kuokoa miti. Wakiridhika wataagiza majiko mengi, kwa mashule na kwa makambi, na kazi ya uani itakuwa atelie kweli. Patron hakutulia. Alipokea mawe yangu kwa kidirisha akayarudisha.

"Machafu haya! Matope! Wageni watadhani tunapika ndani ya kaburi. Vitu viwe safi!"

Ni kweli yalikuwa na matope. Wakati wa kiangazi makoro yalitufikia kutoka mashamba ya Rubavu yakiwa makavu kwa jua, unayafuta kwa kitambaa. Sasa yalikuja yamelowa mvua. Kwetu mgeni akija unaosha hadi kizingiti. Basi nikayaosha. Nilitumia brashi na sabuni, nikayasuuza kwa maji matatu, nikayaloweka kwenye beseni usiku mzima ili kila tundu litoke uchafu. Asubuhi niliyapitisha yakiwa yanang'aa na kudondoka maji. Patron akasema, "Sasa ndiyo mawe," na kwa mara ya kwanza akanisifia. Siku hiyohiyo akayajenga kwenye udongo, akayaziba, akapaka bati rangi ya kijani.

Wageni walikuja Jumatatu. Walikuwa watatu, pamoja na konseye, kiongozi wa sekta yetu, aliyevaa kofia yake nzuri. Walikalishwa uani kwenye viti vya kuazima. Fundi Gaspari na mimi tuliruhusiwa kusimama pamoja kwa mara ya kwanza, na aligeuka akanitazama, akasema kwa sauti ndogo: "Kumbe uko mufupi hivi." Patron alijaza mkaa hadi juu, akapepea mwenyewe, akabandika sufuria ya maharage, akaanza hotuba juu ya aidia na soko.

Alikuwa bado kwenye aidia jiko lilipopasuka.

Nyinyi ni wa mji huu, sina haja ya kuwaeleza mlio kama ule, kama wa bomu, unafanya nini kwa watu wa mji huu. Hakuna aliyeuliza. Wote tulikuwa chini kabla sufuria haijatua. Konseye alikuwa chini ya kiti, maharage kwenye kofia. Mmoja wa wageni alikuwa anasali. Nje watu walikimbia, milango ikafungwa mtaa mzima, na dakika chache baadaye wanajeshi waliingia getini. Hakuna aliyeumia isipokuwa Patron, kidogo, mkononi.

Sajini aliokota kipande cha bati, akakigeuza. "Nani ametia kitu humu?"

Patron alikuwa bado amekaa chini. Alimtazama Fundi Gaspari, na niliona daftari lile likisomeka usoni mwake.

"Bati analijua mtu mmoja tu," alisema. "Na huyo anavuka kila Jumamosi. Muulizeni huyu msichana, alimwona."

Wote wakanigeukia. Wanajeshi, wageni, konseye na maharage yake. Nilifungua mdomo. Nikainama nikaanza kuokota maharage.

"Mi siko mwizi, na siko mutu wa bomu," Fundi Gaspari alisema. "Patron, unionyeshe ulitia nini ndani, nitakuambia imepasuka juu ya nini."

"Unaona?" Patron akamwambia sajini. "Hata sasa anataka kuona ndani."

Wakamchukua. Alilala kasho, yaani mahabusu, kwenye ofisi za komine. Siku zile mtu akiingia kasho kwa habari ya mlio, watu wa mtaa hawangoji kesi. Jioni hiyohiyo kwenye bomba la maji nilisikia wamempa jina: Bomu.

Mimi nilijua jioni hiyohiyo. Mbona moja lilipasuka na lile la Mama Zubeda halijapasuka? Bati ni lilelile. Nyumbani nilikuwa na makoro mawili ya kuchezea wadogo zangu, moja kavu darini, moja nje kwenye ndoo ya mvua. Nikayazungushia udongo yote mawili, nikayaweka kwenye moto wa Mama. Lile kavu likatulia. La ndoo likalia paa! likatupa makaa ukutani. Mama alilala chini na mtoto kifuani. Alipoinuka alinipiga kofi kwanza, akaniuliza baadaye.

Maji yanaingia ndani ya matundu. Ukiyaziba kwa udongo hayana njia. Ukiwasha moto mkubwa yanageuka mvuke, na mvuke unatengeneza njia kwa nguvu. Ni hayo tu. Niliyaandika kwenye daftari langu usiku ule kwa mchoro na mishale. Kuandika ni rahisi. Jumanne sikwenda kusema. Nilijiambia watamwachia. Jumatano nilijiambia nikisema nitaingia mimi kasho. Alhamisi nilifika mpaka kona ya komine, nikamwona mlinzi, nikarudi.

Ijumaa nilikutana na mke wake, Mama Furaha, kwenye mteremko, amebeba sahani imefunikwa kwa kitambaa. Nilitaka kupita. Akanisimamisha.

"Si we mutoto wa uani? Gaspari anakutajaka. Anaulizaka kama bado wanakupa kazi, juu asema we huwezi kujitetea." Akafunua kitambaa, akanipa kiazi kimoja. "Kula. Umekonda, mwanangu."

Sikuweza kukila. Nilirudi nyumbani nikachukua mbabura, mawe mengine mawili, moja kavu na moja la maji, udongo, nikamfuata nyuma mpaka komine.

"Unataka kulipua ofisi?" sajini aliniuliza.

"Ndiyo," nilisema. Hivyo ndivyo ilivyotoka. Halafu nikasema: "Hapana. Nataka kuwaonyesha. Ni mimi niliyeyaosha."

Walimwita konseye, walimwita Patron, walimtoa Fundi Gaspari wakamsimamisha mlangoni. Jiko tuliliweka uani, mbali, nyuma ya ukuta mfupi. Nikawaambia lipi kavu na lipi la maji. Tukangoja. Mkaa ukawa mwekundu, na hakuna kilichotokea. Konseye akavua kofia, akaivaa. Sajini akamwambia Patron kwa sauti, "Huyu ametumwa na fundi." Patron akatikisa kichwa, akasema ndivyo anavyoona na yeye. Mimi nilikuwa namwomba Mungu jiwe lipasuke.

Likapasuka. Wote wakalala chini, sajini wa kwanza. Nilibaki nimesimama peke yangu kwa sababu mimi nilikuwa najua. Fundi Gaspari pia alibaki amesimama. Alitembea mpaka kwenye jiko, akaokota lile jiwe kavu kwa koleo, akaliacha lipoe kidogo, kisha akamgeukia Patron.

"Jiwe ya maji iko baridi. Unaitia kwa shavu, unasikia, hata mutoto wa garaji anajua. Ungenionyesha moja tu, Patron. Moja."

"Pole, Fundi," Patron alisema. "Siku hizi mtu anamwamini nani?"

Walimwachia palepale. Nje ya geti alinisubiri.

"Ulijua siku gani?"

"Jumatatu."

"Na leo?"

"Ijumaa."

"Bon," alisema. Mama Furaha alimshika mkono, wakapanda mteremko, na mimi nikabaki na mbabura kichwani.

Baada ya hapo Patron aliondoa kufuli moja, akabaki na moja. Mawe sasa hukaa juu ya tanuri majuma mawili, na mimi nilikuwa nayagusa yote kwa shavu kabla ya kuyapitisha. Hilo ndilo lililolifanya jiko kuwa kitu cha kuuza. Wale wageni walirudi wakaagiza. Fundi Gaspari hakurudi, ila siku moja kuchukua nyundo yake. Alihamia kwa dada yake Goma, na huko anatengeneza mbabura za makoro, kwa kuwa ndani ya jiko alionyeshwa mwishoni na komine nzima ikishuhudia. Patron alipopata habari alikaribia kufurahi. "Si niliwaambia?" alisema. "Nilijua ataiiba."

Shule ilifunguliwa, nikastaafu. Patron alinipa mkono, akanionya nisimwambie mtu kitu. Nimewaambia nyinyi kila kitu. Mkienda kwake mtajifunza mengi, kwa sababu kichwa chake ni kizuri kweli. Lakini ombeni kuona chumba cha pili. Akikataa, ulizeni tena, hata kama sauti inatetemeka. Aidia haikuharibiwa na mwizi pale Nengo. Iliharibiwa na watu watatu ambao kila mmoja alijua theluthi.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya bomba. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anawasimulia wenzake juu ya yule fundi, Bomu, aliyetia kitu kwenye jiko la Patron akakimbilia ng'ambo. Niliweka ndoo chini.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi niliyeharibu, na nilinyamaza siku nne akiwa ndani."

Wote wakageuka. Uso ulinichoma kama kawaida yake.

"Na we nani?" aliniuliza.

Nikamtajia jina langu, na la baba yangu, na nyumba tunayokaa.